Uziwi na Umri katika Nyanda za Juu Kusini

Usikivu hupotea kwa njia tofauti katika kila umri. Mtoto wa Rungwe huupoteza kwa homa ya uti wa mgongo kabla hajajua kusema. Mchimbaji wa Chunya huupoteza kidogo kidogo kwa kelele za mashine, na bibi wa Kilolo huupoteza kwa miaka tu. Katika mikoa ya Iringa na Mbeya, ambayo zamani ilijumuisha pia Njombe (hadi 2012) na Songwe (hadi 2016), huduma kwa watu hawa hazikuja kwa pamoja. Zilianza kwa mtoto wa umri wa shule, zikafuata kwa kijana anayetafuta kazi, zikachelewa kwa mfanyakazi, na kwa mzee zimefika kwa uchache sana. Mpangilio huo unaeleza kwa nini hadi leo familia nyingi zinajua pa kumpeleka mtoto kiziwi lakini hazijui pa kumpeleka babu asiyesikia.

Kabla ya shule yoyote ya viziwi kujengwa nchini, kiziwi aliishi kwa jinsi familia yake ilivyojipanga. Kazi kubwa za nyanda hizi, yaani kulima, kuchunga, kusuka mikeka na vikapu, kufua chuma, hufundishwa kwa kutazama, na mtu asiyesikia aliweza kuzijua vizuri kama ndugu zake. Kila nyumba ilitengeneza alama zake za mikono za kutaja chakula, kazi, watu na hatari. Alama hizo zilitosha kwa shughuli za siku, lakini hazikuvuka kijiji. Mgeni hakuzielewa, na kiziwi wa kijiji cha pili alikuwa na zake.

Ugumu ulikuwa katika mazungumzo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza vijiji vya rika: wavulana wakifikia umri wa miaka kumi hivi walitoka kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao na kuishi pamoja hadi utu uzima. Msingi wa maisha hayo ulikuwa kile Wanyakyusa wanachokiita ukwangala, yaani kufurahia kuwa pamoja na wenzako, kula nao na kuongea nao. Iliaminika kwamba hekima na adabu mtu huzipata humo, katika maneno ya wenzake. Utaratibu mzuri wa namna hiyo ulimdai kila kijana masikio. Aliyekosa usikivu aliweza kula na wenzake na kulima nao, lakini sehemu ya elimu ya rika iliyopita kwa maneno ilimpita pembeni.

Wamisionari hawakubadili hali hiyo mapema. Wamoravian walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na wamisionari wa Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huo huo, kisha wakaelekea Ubena na Uhehe. Shule zao zilifundisha kwa kusoma kwa sauti, kuimba na kukariri, na mtoto asiyesikia hakuwa na nafasi humo. Utawala wa Wajerumani ulipita, na wa Waingereza pia, bila shule hata moja ya viziwi katika Tanganyika. Ya kwanza ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki, miaka miwili baada ya uhuru. Ya pili ilikuwa Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974.

Idadi ya watoto waliohitaji shule hizo ilitokana zaidi na maradhi. Surua, homa ya uti wa mgongo na malaria kali vilikuwa vyanzo vikubwa vya uziwi. Kwinini iliyotumika kutibu malaria nayo huweza kudhuru sikio la ndani. Rubela ikimpata mama katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, mtoto huweza kuzaliwa asiyesikia, wakati mwingine mwenye matatizo ya moyo na macho pia. Wapo waliozaliwa viziwi kwa kurithi. Chanzo cha kila siku zaidi kilikuwa usaha sikioni. Mtoto hupata mafua, maambukizi hupanda kutoka kooni hadi sikio la kati, kiwambo hupasuka na usaha hutoka. Maumivu hupungua baada ya kupasuka, na hapo wazazi wengi huona mtoto amepona. Usaha ukiendelea kwa wiki na miezi, tundu la kiwambo halizibi na vifupa vidogo vya sikio huliwa. Katika nyumba nyingi dawa ilikuwa mafuta ya moto au maji ya majani yaliyotiwa sikioni, na unyevu ule uliongeza ugonjwa. Matibabu ya kwanza yanayofaa hayana gharama kubwa: kitambaa safi au pamba husokotwa, huingizwa taratibu kukausha sikio, hutolewa na kuwekwa kingine hadi kitoke kikavu, mara kadhaa kwa siku, pamoja na dawa ya matone kutoka zahanati. Mama yeyote huweza kufundishwa kazi hiyo kwa dakika chache, na kila sikio lililokaushwa kwa wakati huweza kumwepusha mtoto mmoja na uziwi.

Chanjo zimepunguza sana mzigo huu. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, surua ikiwa mojawapo ya maradhi yaliyolengwa. Chanjo ya Hib, bakteria anayesababisha homa ya uti wa mgongo kwa watoto wadogo, iliingia mwaka 2009 ndani ya chanjo ya maradhi matano. Ya nimonia ilizinduliwa mwishoni mwa 2012, na mwaka 2014 surua ikaunganishwa na rubela katika kampeni ya nchi nzima. Mtoto anayezaliwa leo Mafinga au Tukuyu ana kinga ambayo babu yake hakuipata dhidi ya baadhi ya magonjwa makubwa yaliyowafanya watoto wa miaka ya 1960 kuwa viziwi.

Kwa waliokwisha kupoteza usikivu, shule ilikuwa mbali. Mzazi wa Rungwe au Mufindi aliyesikia habari za Tabora alipaswa kumsafirisha mtoto wa miaka saba kwa siku kadhaa na kumwacha bweni, naye mtoto hakuwa na neno wala alama ya kuelezwa kwamba baba atarudi likizo. Baadaye shule zilisogea. Mwanga ya Kilimanjaro na Ruvuma ya Songea zilifunguliwa katika miaka ya 1980, kisha nyanda zenyewe zikapata zao, Njombe na Mtwivila mjini Iringa. Ujio wa shule hizi za karibu ulibadili mambo kuliko sera yoyote iliyoandikwa, kwa sababu mzazi aliweza kumtembelea mtoto wake.

Ndani ya madarasa ulikuwepo mgogoro ulioanzia mbali. Mwaka 1880 walimu wa viziwi wa Ulaya walikutana Milan na kuamua kwamba watoto wafundishwe kusema kwa mdomo na kusoma midomo ya wengine, na ishara za mikono ziachwe. Uamuzi huo ulitawala dunia kwa karibu karne nzima, na shule za Tanzania zikaanza chini ya kivuli chake. Mtoto aliketishwa mbele ya mwalimu, akaweka mkono juu ya koo la mwalimu ili ahisi mtetemo, kisha akajaribu kuutoa mtetemo ule katika koo lake. Mwenye mabaki mazuri ya usikivu alifaidika. Kiziwi kabisa alitumia miaka kujifunza maneno machache. Ugumu wake unaonekana kwenye kioo: mtu akitamka baba, mama na papa bila kutoa sauti, midomo hufanya umbo lile lile kwa maneno yote matatu. Mtoto aliyetakiwa kusoma Kiswahili kwenye midomo alianzia hapo, kwa wazazi wake wawili waliofanana.

Bwenini watoto walifanya walivyoona inafaa. Waliongea kwa mikono, wakubwa wakawafundisha wadogo, na kila shule ikazaa lugha yake ya alama, hata pale walimu walipoikataza. Kwa kuwa shule hazikuwa na mawasiliano, alama zilitofautiana: aliyesoma Tabora na aliyesoma Buguruni walipokutana mjini Mbeya walihitaji muda kuelewana. Kuziunganisha alama hizo ikawa kazi ya viziwi wenyewe. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1984 kikapendekeza lugha ya alama ya pamoja iliyojengwa juu ya alama zilizofanana mashuleni. Kamusi yake ilitoka mwaka 1993. Nchi jirani zilikwenda mbali zaidi kisheria. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaka serikali kuendeleza lugha ya alama, na Katiba ya Kenya ya 2010 imeiweka Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Faida kubwa ya shule hizo haikuwa cheti cha darasa la saba. Mtoto aliyeingia akiwa na ishara kumi na tano za nyumbani alitoka akiwa na lugha kamili, anaweza kusimulia jana, kupanga kesho, kubishana na kufanya utani. Kasoro ilibaki nyumbani. Likizo ilipofika alirudi kwa wazazi wasiojua alama hata moja, na mazungumzo yakarudi kuwa ya kuonyesha sufuria na jembe. Shule ziliwafundisha watoto, lakini wazazi walifundishwa kwa nadra, na jambo hili linaumiza zaidi ya yote katika historia hii kwa sababu lingegharimu kidogo sana kulirekebisha.

Njia nyingine ilifunguka mwezi Juni 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto, upasuaji ambao awali ulifanyika kwa kuwapeleka nje ya nchi. Kifaa hiki hupita sehemu ya sikio la ndani iliyoharibika na kupeleka mawimbi ya umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa usikivu. Hufanya kazi vizuri zaidi kwa mtoto mdogo ambaye ubongo wake bado unajenga lugha. Baada ya upasuaji mtoto huhitaji mazoezi ya kusikia kwa miaka, na hapo familia ya Makete au Kyela hukutana tena na tatizo la zamani la umbali.

Baada ya shule kilifuata kipindi cha ujana, ambacho kilikuwa kigumu zaidi. Sheria ya 1982 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 na zaidi kuajiri watu wenye ulemavu kwa kiwango cha asilimia 2. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ilipandisha kiwango kuwa asilimia 3 na kushusha idadi ya wafanyakazi hadi 20. Katika mikoa ambayo watu wengi wanalima au wanajiajiri, sheria hizo ziliwagusa wachache. Kilichohitajika kilikuwa mahali pa kazi palipojengwa kwa ajili yao.

Mahali hapo palipatikana Iringa mjini mwaka 2003. Susie Hart, msanii kutoka Uingereza, alianza katika Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana mradi uliopewa jina la Neema Crafts, akiwa na vijana viziwi watatu katika chumba kimoja. Bidhaa yao ya kwanza ilikuwa karatasi ya kinyesi cha tembo. Tembo humeng'enya sehemu tu ya majani anayokula, na nyuzi zilizobaki zinafaa kwa karatasi. Kinyesi huoshwa, huchemshwa kwa muda mrefu mpaka nyuzi zilainike na kuwa safi, hupondwa na kuchanganywa na karatasi chakavu, kisha rojo hilo humwagwa kwenye beseni kubwa la maji. Mfanyakazi huzamisha fremu yenye wavu, huiinua taratibu ikiwa sawasawa, maji huchuruzika na utando mwembamba hubaki juu ya wavu. Utando huo hugeuzwa juu ya kitambaa, hukamuliwa na kuanikwa. Kazi nzima ni ya jicho na vidole. Anayeifundisha huonyesha kwa mikono, anayejifunza hutazama, na hakuna mahali ambapo sauti ingeongeza chochote.

Mradi ulikua ukachukua watu wenye ulemavu wa aina nyingine, ukaongeza ufumaji, ushonaji na kazi za shanga, hadi ukawa na wafanyakazi zaidi ya mia moja. Kilichobadili fikra za mji kilikuwa mgahawa wake, unaohudumiwa na viziwi. Mteja huandika anachotaka kwenye karatasi au hujaribu alama alizoonyeshwa. Kwa kawaida kiziwi ndiye hupambana kuelewa ulimwengu wa wanaosikia. Pale anayesikia ndiye huanza kwa kusitasita, na mwenyeji humsaidia. Wakazi wa Iringa ambao hawakuwahi kusema na kiziwi walijifunza pale jinsi ya kusema asante kwa mkono.

Simu za mkononi zilifanya kwa viziwi wote kazi ambayo hakuna taasisi ingeifanya. Ujumbe mfupi uliwawezesha kuulizia bei ya mahindi Makambako, kumtaarifu mteja au kuitana kwenye mkutano bila kumtuma mtoto anayesikia. Miamala ya fedha kwa simu, iliyoanza nchini mwaka 2008, iliwapa akaunti isiyohitaji mkalimani. Baadaye simu za video zikarudisha mazungumzo kwenye lugha yao wenyewe, na aliyeolewa Tunduma akaweza kupiga soga na mwenzake wa bweni aliyeko Njombe.

Kundi la tatu ni wale waliosoma, wakafanya kazi wakiwa na masikio mazima, kisha kazi yenyewe ikawachukulia usikivu. Hawa hawamo katika hesabu za shule wala za vyama, na wengi hawajioni kuwa viziwi. Dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, iligunduliwa mwaka 1922 na kuvuta maelfu ya watu katika miaka ya 1930. Mgodi wa Saza ulitumia mashine za kusaga mawe hadi ulipofungwa mwaka 1956. Wanaume wengine wa Rungwe na Mbeya walichukuliwa na Wenela, shirika lililoajiri vibarua kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, hadi Tanganyika huru ilipokataa ajira hiyo. Mashine ya kutobolea mwamba chini ya ardhi hutoa kelele inayozidi desibeli 100. Ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, ulipasua milima kwa baruti kati ya Mlimba na Makambako. Kisha vikaja viwanda vya chai na mbao vya Mufindi, kiwanda cha karatasi cha Mgololo, chenso katika misitu ya Sao Hill, na makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu Chunya leo.

Kelele huua kwanza seli zinazopokea sauti nyembamba. Mfanyakazi huendelea kusikia kwamba mtu anaongea, lakini herufi kama s, f na sh humpotea: fika na shika huwa neno moja. Husema watu siku hizi wananong'ona. Kiwango kinachokubalika kwa saa nane za kazi ni desibeli 85, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda salama kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 muda huo ni dakika 15 tu. Seli zilizokufa hazioti tena. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulianzishwa mwaka 2001, sheria yake ikapitishwa 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi 2015. Viwanda vikubwa vinafikiwa na mfumo huo. Kijana wa karasha anayelipwa kwa siku, asiye na mkataba wala vizibo vya masikio, hafikiwi.

Wengine walidhurika wakitafuta uzima. Streptomaisini, iliyookoa wagonjwa wengi wa kifua kikuu, hudhuru sikio, na dawa za sindano za kifua kikuu sugu, kama kanamaisini, zilidhuru zaidi. Mgonjwa alipona mapafu akabaki na mlio masikioni na usikivu uliopungua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamaisini iachwe na vidonge vishike nafasi ya sindano.

Mwisho ni wazee, ambao ni wengi kuliko makundi yote yaliyotangulia. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria watu bilioni 1.5 wenye upungufu wa usikivu duniani, milioni 430 kati yao wakihitaji huduma, na sehemu kubwa ni wenye umri mkubwa. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 400,000 wenye shida ya kusikia. Katika nyanda ambako salamu ni kipimo cha utu, mzee asiyeitikia salamu ya kamwene ya jirani hudhaniwa ana kiburi au akili zimemtoka. Huacha kwenda kilabuni, kisha kwenye vikao vya ukoo, kisha hukaa nyumbani na redio iliyobanwa sikioni. Utafiti wa miaka ya karibuni umeuhusisha upungufu wa usikivu usiotibiwa na kusahau kunakozidi uzeeni, na upweke huo unahesabiwa kuwa sehemu ya sababu.

Msaada kwa mzee huanza na mambo madogo. Sikio huchunguzwa kwanza kama limezibwa na nta, jambo ambalo muuguzi hulimaliza siku hiyo hiyo. Anayeongea naye hukaa mbele yake penye mwanga, hutaja jina lake kwanza, huongea polepole bila kupiga kelele, kwa sababu kelele hupotosha maneno badala ya kuyafafanua. Katika kikao husema mtu mmoja kwa wakati. Shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, humfaa mzee wa namna hii kuliko kiziwi wa kuzaliwa, lakini lina mahitaji yake: kupimwa, kurekebishwa, betri mpya kila baada ya siku chache, na kuepushwa na unyevu, ambao Rungwe na Mufindi haukosekani. Huko Otse, Botswana, mafundi viziwi walitengeneza vifaa vya kusikia vinavyochajiwa kwa jua, na suluhisho hilo lingefaa sana vijiji vya Ludewa na Ileje.

Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, mwaka ule ule vijana watatu walipoanza kukoroga rojo la karatasi Iringa. Vijana walipata karakana, na watoto walikuwa wamekwisha kupata shule. Mchimbaji wa Chunya na mzee wa Kilolo bado wanahitaji kitu kimoja ambacho kila hospitali ya wilaya ingeweza kuwa nacho: chumba tulivu cha kupimia masikio, na mtu aliyefundishwa kukitumia.